Kutoka Boti ya Ziwani hadi Boti ya Bahari Kuu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kubadili Chombo

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wenye boti, manahodha na vikundi vya vijana wa kata za mwambao wa Ziwa Nyasa. Yanachapishwa kwa manufaa ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusikiliza. Najua kwamba boti iliyolala ufukweni hailishi nyumba, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha.

Vijana wengi wa mwambao wetu, kuanzia Matema na Mwaya hadi Itungi na Kiwira, wamekuwa wakifika ofisini na swali moja. Wana boti ya faiba yenye mashine ya nje, nyepesi na yenye kasi, ambayo hapa ziwani inawapatia riziki. Sasa wameona au wamesikia kwamba Dar es Salaam, Bagamoyo, Mafia na Unguja boti za mwendo kasi zina kazi nyingi: kupeleka watalii visiwani, kuvua samaki wakubwa wa maji marefu, kusafirisha watu wenye haraka. Wanauliza: je, tuipakie boti yetu kwenye lori tushuke nayo pwani? Au tuiuze, tuongeze akiba ya kikundi, tununue boti kubwa ya baharini?

Halmashauri haimzuii mwananchi kutafuta riziki popote katika nchi yake. Lakini ni wajibu wetu kumwambia mambo yalivyo kabla hajatoa fedha na kabla hajaweka roho za watu juu ya maji asiyoyajua. Ninalotaka mlishike ni hili: anayepaswa kubadilika kwanza ni nahodha, chombo hufuata baadaye. Anayeligeuza hilo hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza watu.

Kila chombo na maji yake

Ndugu zangu, ziwa letu linafika baharini. Maji yake hutoka kwa mto Shire, yakaingia Zambezi, yakamwagika katika Bahari ya Hindi. Hata hivyo, maporomoko ya Shire hayapitishi chombo. Mwaka 1875, meli ya kwanza ya mvuke katika ziwa hili, iliyoitwa Ilala, ililetwa ikiwa vipande vipande, wapagazi wakavibeba kuyazunguka maporomoko hayo, ndipo ikaunganishwa upya. Meli zetu za leo, MV Njombe na MV Ruvuma za mizigo, na MV Mbeya II inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ziliundwa papa hapa Itungi kwa ajili ya maji haya. Hakuna aliyezichukua kutoka kwingine akaziweka ziwani kwa kubahatisha.

Kinyume cha hayo tulikiona katika nchi yetu, na kilikuwa msiba. Boti ya abiria iliyoitwa Skagit ilijengwa mwaka 1989 nchini Marekani. Ilikuwa ya mwendo kasi, yenye nafasi ya abiria 250, na kwa miaka mingi ilifanya kazi katika Puget Sound, jimbo la Washington. Hayo ni maji ya chumvi, lakini yamezungukwa na nchi kavu na visiwa, mawimbi makubwa ya bahari hayafiki kwa urahisi. Mwaka 2011 iliuzwa, ikaletwa kufanya safari kati ya Dar es Salaam na Unguja. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Watu wengi walipoteza maisha.

Siitaji Skagit ili kumhukumu mtu. Naitaja kwa sababu inafundisha kwamba chombo kizuri katika maji yaliyokingwa hakiwi kizuri katika maji ya wazi kwa sababu tu mashine yake ina nguvu. Na ikiwa jambo hilo lilitokea kwa boti ya abiria 250, mwenye boti ya abiria 12 analo jambo la kutafakari.

Wala nisieleweke kwamba ziwa ni salama na bahari ndiyo ya hatari. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika ziwa letu hili, meli ya Vipya ilipinduka upande wa Malawi mwezi Julai 1946. Ziwa linaua. Bahari nayo inaua, ila kwa njia nyingine, na ujuzi wa njia ya kwanza hautoshi kukukinga na ya pili.

Mawimbi, maji kujaa na maji kupwa

Manahodha wa hapa wanalijua wimbi la Nyasa: fupi, limesimama wima, linafuatana haraka na jingine. Wanajua pia kwamba upepo ukichafuka, Milima ya Livingstone ipo pale pale mashariki kuwaonyesha nyumbani.

Baharini kuna mambo matatu ambayo ziwa halikuwafundisha. La kwanza ni wimbi refu linalotoka mbali. Huenda upepo umetulia mahali ulipo, lakini wimbi lililoinuliwa na dhoruba ya mbali likakufikia. La pili ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita 4. Mlango uliopita asubuhi kwa raha, jioni ni mwamba mtupu. Tena maji hayo yakijaa na kupwa huzaa mkondo, na mkondo ukikutana uso kwa uso na upepo wa kusi, mawimbi husimama ghafla. La tatu ni kwamba nchi kavu hupotea machoni. Nje ya visiwa hakuna mlima wa kukuongoza, unabaki na dira, ramani na kifaa cha GPS, na unapaswa kujua kuvitumia usiku na katika mvua.

Watu wa pwani hugawa mwaka wao kwa kaskazi na kusi, na katikati ya misimu hiyo hutazamia maleleji, wakati upepo unapogeuka. Nahodha aliyeishi na pepo hizo tangu utoto huzisoma kwa kuangalia mawingu na rangi ya maji. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Aliyezoea pepo za Nyasa anapaswa kujifunza za pwani kwa miguu yake mwenyewe.

Umbo la boti

Boti nyingi za ziwani zina kitako kilicho bapa au chenye mkunjo mdogo. Umbo hilo lina faida: boti huinuka juu ya maji haraka, hutumia mafuta machache, na hufika ufukweni kwenye maji mafupi. Katika wimbi la bahari kitako bapa hupiga kila wimbi kama kofi. Baada ya muda mbavu hulegea, faiba hupasuka, na migongo ya abiria huumia.

Boti za mwendo kasi za bahari kuu hujengwa na kitako chenye umbo la herufi V iliyochongoka hadi nyuma kabisa, mara nyingi kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 24. Umbo hilo lilipata sifa mwaka 1960, wakati boti iliyoitwa Moppie, iliyobuniwa na Mmarekani Raymond Hunt, iliposhinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Tangu hapo waundaji wengi wameifuata. Lakini kila umbo lina bei yake: V iliyochongoka huyumba zaidi ikiwa imesimama, na huhitaji nguvu kubwa zaidi ya mashine ili kuinuka.

Anayenunua boti iliyotumika kutoka Ulaya atazame kibao kilichobandikwa karibu na usukani. Kina herufi moja kati ya A, B, C na D. D ni ya maji yaliyokingwa, yenye mawimbi madogo ya takriban sentimita 30. C ni ya karibu na pwani, mawimbi hadi mita 2. B ni ya mbali na pwani, mawimbi hadi mita 4. A ni ya bahari kuu. Sasa kumbukeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zinapotoa angalizo la mawimbi yanayofikia mita 2 katika pwani yetu. Mwenye boti ya D hana la kufanya siku hiyo isipokuwa kubaki nyumbani, na mwenye boti ya C yuko ukingoni mwa uwezo wake.

Chumvi na mashine

Kuna mambo ya kiufundi ambayo muuzaji hatawaambia, nami nimeyakusanya kwa lugha nyepesi.

Kwanza, maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo boti huelea juu zaidi kidogo. Wapo wanaosema basi baharini unaweza kuongeza mzigo. Tufanye hesabu: boti ambayo pamoja na shehena yake ina kilo 2,000 hupata nafuu ya kilo 50 tu, ambazo hazifikii hata uzito wa mtu mzima mmoja. Nafuu hiyo wimbi moja linaimaliza.

Pili, ziwa letu liko yapata mita 475 juu ya usawa wa bahari, na ndugu zetu wanaovua Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, wako juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi, na mashine ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Mkiishusha pwani, mashine ile ile hupata nguvu zaidi. Inapendeza kusikia, lakini rafadha, ambayo wengi wetu huiita pangaboi, ilichaguliwa kwa nguvu ya huku. Mashine inaweza kuzunguka kupita kiwango chake na kuharibika. Lazima fundi aipime na kubadili rafadha ikibidi.

Tatu, chumvi hula chuma. Chini ya mashine kuna vipande vya madini vinavyoliwa na kutu ili mashine ipone. Katika maji baridi hufaa vya magnesi, katika maji ya chumvi hufaa vya zinki au alumini. Boti ikishuka baharini na vipande vyake vya magnesi, huisha kwa muda mfupi, na baada ya hapo inayoliwa ni mashine yenyewe. Kila baada ya safari mashine ya nje isafishwe kwa maji baridi yanayopita ndani yake. Nyaya, betri na bomba za mafuta zikaguliwe mara kwa mara kuliko mlivyozoea.

Nne, wenye boti za mbao wajue kwamba baharini yupo mdudu anayetoboa mbao chini ya maji, ambaye ziwani hayupo. Ndiyo maana watu wa majahazi hukipandisha chombo pwani na kukipaka deheni chini. Hiyo ni gharama ya kila mara, na boti ikiwa pwani haiingizi fedha.

Tano, mafuta. Mashine ya petroli ya nguvu farasi 100 ikienda kasi kamili hutumia kati ya lita 35 na 40 kwa saa. Boti ya bahari kuu yenye mashine mbili za farasi 200 itakunywa kama lita 150 kwa saa. Juu ya hapo kuna kanuni ya mabaharia: theluthi moja ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya akiba. Asiyeweza kuibeba na kuilipia theluthi hiyo ya tatu hajawa tayari kwa bahari.

Vyeti na vifaa

Kwa upande wa Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina chombo chake, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Cheti cha boti husema ni maji gani inaruhusiwa na ibebe watu wangapi. Msidhani kwamba karatasi ya ziwani itafuatana na boti hadi Unguja. Ombeni ukaguzi kabla ya kununua, maana boti iliyokataliwa na mkaguzi haina wa kuinunua tena.

Nahodha naye ana vyeti vyake. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, hufundisha mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo ya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na wajibu wa baharia kwa wenzake. Kwa kijana wetu, cheti hicho ni mtaji unaoweza kumpa ajira hata kama hana boti.

Kuhusu vifaa, jaketi okozi ni la kila mtu na huvaliwa tangu mnapoondoka. Pawepo redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya dharura ni 16, pamoja na fataki za ishara, dira, nanga yenye kamba ndefu na pampu ya kutoa maji ya ngama. Nahodha wa boti ya kasi afunge mwilini kamba ya kuzimia mashine. Akirushwa majini, boti isimame, isiendelee kuzunguka ikamrudia na rafadha.

Fedha za kikundi

Sasa niguse mfuko. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo inatokana na ushuru ambao mama anayeuza mpunga na kakao anaulipa. Kikundi kinapoomba mkopo wa boti, Afisa Maendeleo ya Jamii atauliza boti itafanya kazi maji gani, nani ataiendesha, na ana cheti gani. Maswali hayo si urasimu. Boti ikivunjika mwezi wa tatu, deni halizami pamoja nayo.

Anayefikiria kuisafirisha boti aliyonayo ahesabu pia barabara. Kutoka Kyela kupita Tukuyu, Uyole, Makambako, Mafinga, Iringa na Mikumi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na humo mna mteremko wa Kitonga. Boti iliyofungwa vibaya kwenye trela hufika pwani na nyufa ambazo hazionekani mpaka iingie majini.

Ushauri wetu ni huu. Kikundi chenye nia kichague vijana wawili, kiwalipie mafunzo DMI, kisha wafanye kazi katika boti za watu pwani kwa mwaka mzima, wauone msimu wa kusi na wa kaskazi. Wakati huo boti yenu ya ziwani iendelee kufanya kazi hapa na kulisha kikundi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Vijana hao wakirudi watakuwa na majibu ambayo mimi sina: kazi ipo au haipo, aina gani ya boti inalipa, fundi yupi ni mwaminifu. Hapo mnaweza kununua boti ya baharini, tena ikiwa huko huko pwani na imekwisha kukaguliwa. Na wakisema haifai, mtakuwa mmegharamia masomo tu, na masomo hayo yatawafaa hata hapa ziwani, ambako abiria wa Lupingu na Manda, vijiji vilivyokuwa zamani katika Mkoa wa Iringa na sasa Njombe, bado wanahitaji nahodha mwenye cheti.

Ndugu wananchi, mwenye safari akitazama taarifa ya hali ya hewa akaahirisha, majirani wakimcheka, msiwaunge mkono. Nahodha anayejua kusema "leo hatuendi" ndiye wa kumkabidhi watoto wetu, awe ziwani au baharini.

Wenye maswali wafike ofisi ya kata au kwa uongozi wa BMU, nasi tutawaunganisha na wahusika.